Usukani Kutikisika Kwenye Mteremko Mkali: Mwongozo wa Kutafuta Sababu na Kuiondoa

Mtikisiko wa aina hii huanza kwa udogo. Uko juu ya baiskeli ya mbio, unashuka mteremko mrefu kwa kilomita 55 au 60 kwa saa, barabara ni nyoofu, umeacha kupiga pedali, na ghafla unahisi usukani ukicheza kushoto na kulia kwa upana usiozidi unene wa kidole. Sekunde mbili baadaye fremu nzima inajipinda chini ya mapaja yako, gurudumu la mbele linapigapiga pande zote mbili mara kadhaa kwa kila sekunde, na kila unapojaribu kulishikilia linazidi kuwa kali. Wengi waliopatwa na hali hii hawaisahau, na baadhi yao huacha kabisa kushuka kwa kasi. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili yao, kwa sababu tatizo hili lina maelezo, lina tiba, na kwa kiasi kikubwa lina dawa ya papo hapo ambayo kila mwendeshaji wa baiskeli ya mbio anapaswa kuijua kabla hajaihitaji.

Likikukuta barabarani

Kabla ya kushika spana yoyote, jifunze la kufanya wakati mtikisiko umekwisha kuanza. Jambo la kwanza ni kuegemeza goti, au upande wa ndani wa paja, kwenye bomba la juu la fremu na kulibana kwa uthabiti. Ukiweza, bana kwa miguu yote miwili. Mguu mmoja nao huwa unatosha. Bomba hilo ndilo linaloyumba kwenda pembeni na kurudi, na nyama ya mguu wako inapoligusa hunyonya nguvu ya mtikisiko, kama kiganja kinavyonyamazisha kengele inayolia. Kwa baiskeli nyingi mtikisiko hufa ndani ya sekunde chache.

Jambo la pili ni kuinua makalio kidogo sana kutoka kwenye kiti, pedali zikiwa sambamba na ardhi na uzito ukiwa miguuni. Usisimame wima. Kinachotakiwa ni uzito uondoke kitini, kwa kuwa mwili mzito ulioketi huishikilia sehemu ya nyuma ya fremu kama nanga na kuiachia sehemu ya mbele nafasi ya kujipinda dhidi yake.

Jambo la tatu ndilo gumu, kwa kuwa linapingana na silika. Legeza mikono. Mara ya kwanza jambo hili liliponipata nilishika usukani kwa nguvu zangu zote, viwiko vikiwa vimenyooka kama fimbo, nikauona mtikisiko ukikua mbele ya macho yangu kila nilipozidi kukaza. Mikono iliyokakamaa huunganisha uzito wa kifua na mabega na usukani, kisha huchelewa kidogo kuitikia kila mzunguko, kwa hiyo badala ya kuzuia inasukuma. Shika sehemu ya chini ya usukani, viwiko vikiwa vimekunjwa, vidole vikiufunga bila kuukaba.

Mwisho, punguza kasi kwa utulivu. Breki ya nyuma ivutwe polepole na kwa mfululizo, na ya mbele iongezwe kwa uangalifu endapo tu barabara inakulazimu. Kuivuta breki ya mbele kwa ghafla huku gurudumu linapiga pembeni ni kulitwisha mzigo mkubwa tairi ambalo tayari linahangaika kushika barabara. Mfuatano huu, yaani goti, makalio, mikono, breki, ufanyie mazoezi kwenye mteremko mpole ambako hakuna tatizo lolote, ili mwili uujue kabla ya hofu kuingia.

Kwa nini hutokea

Gurudumu la mbele hujinyoosha lenyewe. Shingo ya baiskeli ya mbio, yaani bomba fupi la mbele ambamo usukani huzungukia, imelala kwa pembe ya nyuzi 72 hadi 74 hivi, na mstari wake ukiendelezwa hadi chini hugusa ardhi mbele kidogo ya mahali ambapo tairi linakanyaga. Umbali huo, ambao hapa nitauita mburuto, kwa baiskeli nyingi za aina hii huwa karibu na milimita 55 hadi 60. Kwa sababu yake tairi hufuata nyuma ya mhimili wa usukani, kama magurudumu madogo ya kigari cha mizigo yanavyogeuka kufuata kinakosukumwa. Na yeyote aliyewahi kusukuma kigari kama hicho kwa haraka ameona jinsi gurudumu lake moja linavyoweza kuanza kupepesuka.

Gurudumu likisukumwa pembeni na upepo au shimo dogo, mburuto hulirudisha katikati. Likifika katikati halisimami, kwa kuwa lina uzito na mwendo, bali hupita hadi upande wa pili na kurudishwa tena. Wakati huohuo mabomba ya fremu na foki, yaani uma unaolishika gurudumu la mbele, hujipinda kidogo na kujinyoosha, mithili ya springi. Mvutano huu una mwendo wake wa asili, ambao kwa kawaida huwa kati ya mara 4 na 10 kwa sekunde. Katika kasi ndogo kila mpigo huwa mdogo kuliko uliotangulia, na wewe huhisi chochote. Ukivuka kasi fulani, mwendo wenyewe wa baiskeli kwenda mbele huanza kuulisha mtikisiko nguvu nyingi kuliko zile zinazopotea, na kila mpigo unakuwa mkubwa kuliko wa kabla yake.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi. Wao huanza kwa kuuliza ni kifaa gani kimeharibika. Ukweli ni kwamba baiskeli nzima kabisa, iliyofungwa vizuri na yenye magurudumu manyoofu, inaweza kutikisika, kwa sababu mtikisiko ni tabia ya mfumo mzima: fremu, foki, magurudumu, mizigo na mwili wa mwendeshaji. Ndiyo maana fremu kubwa za watu warefu, zenye mabomba marefu na membamba, hulalamikiwa zaidi, na ndiyo maana baiskeli ileile humtii mtu mmoja na kumtikisa mwingine. Maswali yenye manufaa ni mawili: nini kinauanzisha, na nini kinaulisha.

Hakikisha kwanza ni tatizo hili

Si kila mtetemo wa mbele ni mtikisiko ninaouzungumzia. Ukitokea tu unapofunga breki na ukakoma unapoiachia, shaka iende kwenye rimu au diski iliyopinda, pedi za breki, au beringi za shingo zilizolegea. Ukihisi mdundo wa kwenda juu na chini ambao unakuwepo hata katika kasi ndogo na kuongeza kasi sawasawa na mwendo wako, tazama tairi lililokaa vibaya au rimu iliyobonyea. Ikiwa baiskeli imeanza kuelea na kuteleza kwenye kona ilhali jana ilikuwa imara, pengine tairi linapoteza upepo. Simama ulibonyeze kwa kidole gumba. Mtikisiko wenyewe hutambulika kwa dalili hii: hujitokeza katika kiwango fulani cha kasi, hukua wenyewe, na hutulia ukibana bomba la juu kwa goti.

Ukaguzi: anza na magurudumu

Utaratibu ninaoupendekeza huanzia mahali mpira unapogusa ardhi na kupanda juu, kwa kuwa makosa mengi yanayoanzisha mtikisiko yako chini na hayahitaji gharama.

Pima upepo wa matairi yote mawili kwa pampu yenye saa ya kupimia upepo. Wengi hujaza kupita kiasi wakiamini kuwa tairi gumu ni imara. Kumbe tairi gumu mno hurukaruka juu ya kila kokoto na kuupelekea usukani kila kishindo. Kwa tairi la milimita 28 na mwendeshaji wa kilo 70, psi (kipimo cha upepo kinachosomwa kwenye saa hiyo) 60 hadi 80 huwatosha watu wengi, mradi usivuke kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye tairi na kwenye rimu. Kisha zungusha gurudumu polepole na ufuatilie mstari mwembamba uliochorwa kwenye ubavu wa tairi, karibu na ukingo wa rimu. Mstari huo unapaswa kuwa na umbali uleule kutoka ukingoni pande zote. Ukiuona unazama mahali pamoja, tairi halijakaa. Toa upepo, likandekande kwa mikono sehemu hiyo, ujaze upya.

Funga kipande cha waya laini au ukanda wa plastiki kwenye mguu wa foki, ncha yake ikikaribia kugusa rimu, halafu zungusha. Rimu ikiyumba zaidi ya nusu milimita kwenda pembeni, inahitaji kunyooshwa. Bonyeza spoku mbili mbili kwa vidole ukizunguka gurudumu lote. Ile inayolegea kuliko jirani zake wa upande huohuo utaihisi mara moja. Gurudumu lenye spoku zilizolegea hupinda pembeni kirahisi, hata kama linaonekana limenyooka likizungushwa hewani.

Sasa ushike ukingo wa juu wa gurudumu, karibu na foki, na uusukume kushoto na kulia. Ukisikia “tok” ndogo au kuhisi inacheza, beringi za habu, yaani kitovu cha gurudumu, zimelegea. Rudia kwa gurudumu la nyuma, ambalo watu hulisahau ingawa nalo hutikisa fremu. Hakikisha ekseli imekaa hadi mwisho katika makucha ya foki, na kwamba wenzo wa kufungia umekazwa kiasi cha kuacha alama kiganjani unapoufunga.

Kuna jambo moja linalodharauliwa, nalo ni mizani ya gurudumu. Liinue gurudumu la mbele na uliache lizunguke hadi lisimame lenyewe. Upande mzito utashuka chini. Mzingo wa gurudumu la baiskeli ya mbio ni kama mita 2.1, kwa hiyo kwa kilomita 60 kwa saa linazunguka karibu mara 8 kwa sekunde, yaani ndani ya kiwango kilekile cha mwendo wa asili wa mtikisiko. Gramu 20 tu za ziada upande mmoja wa rimu, katika kasi hiyo, huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo moja na nusu, na mvuto huo hugeuka juu na chini kila mzunguko. Ni kama mtoto kwenye bembea: kisukumo kidogo kikija kwa wakati wake kila mara, bembea hupaa. Tiba ni kubandika uzito mdogo upande ulio mwepesi, au kuzungushia waya mzito kwenye spoku na kuufunga kwa utepe hadi gurudumu lisimame popote unapoliacha.

Beringi za shingo

Hizi ndizo hushtakiwa kabla ya kila kitu, na mara nyingi bila hatia. Zikaguliwe hata hivyo, kwani zikilegea ni hatari zenyewe hata bila mtikisiko.

Geuza gurudumu la mbele hadi likae kama limekata njia, shika breki ya mbele, na weka vidole vya mkono mwingine kwenye kiungo ambapo foki inaingia kwenye fremu. Sukuma baiskeli mbele na nyuma. Nageuza gurudumu kwa makusudi, kwa sababu likiwa limenyooka, mchezo wa breki na kunyumbuka kwa foki hukudanganya kwamba shingo imelegea. Vidole vyako ndivyo vitasema: kiungo kilicholegea hubofya, na utahisi sehemu mbili zikiachana na kukutana.

Ukiuhisi mchezo huo, legeza kwanza bolti za pembeni za stemu, yaani kipande kinachounganisha usukani na foki. Hatua hii watu wengi huiruka, kisha wakashangaa kwa nini bolti ya juu haikazi chochote. Kaza bolti ya juu kwa alenki (ufunguo wa pembe sita), robo ya mzunguko au chini ya hapo kila mara, ukijaribu tena baada ya kila hatua. Mchezo ukiisha, acha. Nyoosha stemu ilingane na gurudumu, kisha ukaze bolti za pembeni kwa zamu hadi kiwango kilichochapishwa juu yake, ambacho mara nyingi huwa karibu na nyutoni-mita 5. Kwa foki ya kaboni usibahatishe. Tumia spana yenye kipimo. Baiskeli za zamani zenye nati mbili shingoni hurekebishwa kwa spana mbili nyembamba, moja ikiishikilia nati ya chini wakati nyingine inakaza ya juu.

Kisha inua sehemu ya mbele ya baiskeli na usukume usukani kwa kidole kimoja. Unapaswa kuanguka upande wowote kwa uzito wake. Ukiwa mzito, umekaza mno, na baiskeli itapepesuka hata katika mwendo wa polepole kwa kuwa haiwezi kujinyoosha. Ukinasa katikati kana kwamba umeingia kwenye kijishimo, njia ya gololi imechimbika na beringi zinahitaji kubadilishwa. Inafaa ujue pia kwamba beringi za shingo zenye msuguano mkubwa kidogo kuliko kawaida, kama zile za zamani zilizotumia vijiti vya chuma badala ya gololi, zilijulikana kwa kupunguza mtikisiko, kwa sababu msuguano hula nguvu yake. Hilo halikupi ruhusa ya kuzikaza kupita kiasi za kwako.

Foki na fremu

Osha fremu ikauke kabisa, kisha pitisha kitambaa laini kwenye miguu ya foki, bega lake, na mahali bomba la chini linapoungana na shingo. Kitambaa kikinasa uzi, tazama kwa tochi. Mstari kwenye rangi, rangi iliyovimba, au sauti butu unapogonga kaboni kwa sarafu, vyote vinakutaka usiiendeshe hadi mtu mwenye ujuzi aikague. Baiskeli iliyowahi kugonga kitu ikaguliwe pia kama foki imenyooka: weka gurudumu ambalo una hakika limenyooka, uone kama linakaa katikati ya miguu ya foki. Hapa sina mzaha wala nafasi ya kujaribu bahati.

Mzigo na mkao

Niliwahi kuletewa baiskeli iliyokuwa imebadilishwa beringi za shingo mara mbili bila mafanikio. Nilipofungua mkoba ulioning'inia nyuma ya kiti nilikuta tyubu mbili, vifaa vya chuma na kufuli nzito, vyote vikicheza kwa uhuru. Tuliviondoa, mwenye baiskeli akaenda kwenye mteremko uleule, akarudi bila tatizo. Uzito unaoning'inia nyuma na juu huyumba kwa wakati wake wenyewe na kuiyumbisha fremu nao. Mizigo ikae chini, karibu na katikati ya baiskeli, na ifungwe isisogee hata kidogo. Mkoba wa kwenye usukani nao huongeza uzito unaozunguka pamoja na gurudumu la mbele. Ukilazimika kuutumia, uwe mwepesi na umebanwa.

Mkao una uzito uleule. Mwendeshaji anayeketi nyuma sana huku mikono ikiwa imenyooka huliacha gurudumu la mbele likiwa jepesi na huru kuyumba. Shusha kifua, sogeza uzito mbele kidogo, shika chini ya usukani, na acha goti moja liguse bomba la juu tangu mwanzo wa mteremko, kabla hata ya dalili yoyote. Waendeshaji wengi wenye baiskeli zenye tabia hii huishi nayo kwa amani kwa njia hii pekee.

Usisahau baridi. Mwili uliolowa jasho juani hupoa haraka kwenye mteremko, na kutetemeka kwa misuli kunakofuata huwa na kasi inayokaribiana na ile ya mtikisiko. Mikono inayotetemeka hivyo inausukuma usukani kwa mdundo uleule ambao mtikisiko unaupenda. Koti jepesi la kukinga upepo, ukilivaa kileleni kabla ya kuanza kushuka, ni sehemu ya matengenezo sawa na grisi. Na siku ya upepo wa ubavuni, magurudumu yenye rimu za kina kirefu yaache nyumbani, hasa la mbele.

Kujaribu baada ya matengenezo

Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Ukirekebisha upepo, shingo na mzigo kwa siku moja, na mtikisiko ukaisha, hutajua ni kipi kilichouleta, na siku utakaporudi hutakuwa na pa kuanzia. Weka daftari: kasi ulipoanza, upepo ulitoka wapi, ulibeba nini, ulikaa vipi, upepo wa matairi ulikuwa kiasi gani.

Tafuta barabara nyoofu, laini, isiyo na magari, yenye mteremko mdogo. Serereka kwa kilomita 25 hadi 30 kwa saa, legeza mikono hadi iwe inaugusa usukani tu bila kuuacha, kisha ugonge ukingo wake mmoja kwa kiganja, kwa wepesi. Baiskeli tulivu huyumba mara moja au mbili na kunyooka. Ikiendelea kuyumba, hata kidogo, umeuona mtikisiko wenyewe katika kasi ambayo bado unaweza kuumudu, na goti lako liwe tayari. Rudia jaribio hili baada ya kila badiliko, na uongeze kasi kwa kilomita 5 kwa saa tu kwa kila hatua pale unaporidhika.

Ikiwa kila kitu kiko sawa na bado inatikisika, mabadiliko yanayobaki ni ya maumbile ya baiskeli: gurudumu jingine la mbele lililo gumu zaidi pembeni, tairi la upana tofauti, stemu inayokuleta mbele, au foki yenye ukunjo (mpindo wa kwenda mbele) tofauti unaobadilisha mburuto. Azima kabla ya kununua, hasa gurudumu, kwa kuwa kulibadilisha ni kazi ya dakika moja na mteremko uleule utakupa jibu siku hiyohiyo.